Uliyepitia somo la programu mwaka wa kwanza, yako ilikuwaje? Tupeane uzoefu

Mwana wa Section 58
Jameni, mpwa wangu amenipigia simu kutoka chuoni hapa Nakuru karibu alie, ati kompyuta imemkataa. Kumbe ni semikoloni, ile ; ya kufunga amri. Ilikosekana mstari wa 14, kompaila, ile programu inayotafsiri kodi yako kwa mashine, inaulaumu wa 15. Nikakumbuka sisi tukigawana mashine moja watu wanne: mwenye kiti ndiye mwenye kibodi, wengine mashabiki. Haya, lugha ya C iliwafanyia nini?

Mlurambi
Mashabiki kabisa! Mimi kibodi niliigusa siku ya mtihani.

Kijana wa Kaptembwa
Afadhali wewe. Sisi mtihani ulikuwa wa kalamu. Unaandika #include <stdio.h> kwa mkono, ukisahau ile & kwenye scanf (amri ya kusoma kilichochapwa), alama zimeenda. Kompaila angalau hukuonya. Lekchara anakata tu.

Baba Kondele
Shida ni hiyo C yenyewe. Dennis Ritchie aliitengeneza mwaka wa 1972 kwa kazi ya mfumo wa Unix, si kwa mtoto aliyetoka kidato cha nne hajawahi kushika mausi. Waanze na Python. Print, mstari mmoja, umemaliza.

Mlurambi
Python nayo ukikosea nafasi mwanzoni mwa mstari inagoma vilevile. Na aliyeanza na Python muulize anwani ya kumbukumbu ni nini, atakupa ya posta.

Baba Kondele
Wewe uliyegusa kibodi siku ya mtihani ndiye unanifunza?

Binti wa Kibuye
Acheni vita niwape yangu. Mradi wa kumaliza somo, chuo fulani Kisumu. Mama huuza omena Kibuye, kwa hivyo nikatengeneza programu ya mauzo yake: unaingiza idadi ya gorogoro, inazidisha kwa bei, inatoa jumla, inaita mteja anayefuata. Wateja wakiisha unaandika -1. Idadi niliiweka float, namba inayokubali desimali, kwa sababu mwezi ukielekea kuisha watu hununua nusu. Kazi yote ilikuwa kwenye flashi, stima ya hosteli ilikuwa ya kubahatisha. Kijana niliyekuwa nikiketi naye akaniomba flashi "mara moja tu", ati aende saiba kuchapisha notisi.

Siku ya kuwasilisha akaitwa kabla yangu. Naangalia projekta, naona gorogoro. Naona omena. Naona bei_ya_mama! Mtu mwenyewe kwao ni mlimani kwenye majani chai, omena hata hali. Masikio yakachemka, nikataka kusimama, rafiki yangu akanivuta sketi nikae. Lekchara anatikisa kichwa, "vizuri, vizuri." Kisha akauliza, "Na mteja akitaka nusu?" Kijana akaandika 0.5, akabonyeza Enter.

Sasa, ili isifanane na yangu, alikuwa amegeuza kila float kuwa int, yaani namba nzima pekee, na kila %f ya kusoma desimali kuwa %d ya namba nzima. Scanf ikachukua ile 0, ikafika kwenye nukta ikasimama. Jumla: shilingi 0. Ile .5 ikabaki imekaa mlangoni. Lupu, ule mzunguko wa kuita mteja anayefuata, ikirudi inaikuta palepale, inashindwa kuisoma, inaendelea. Jumla 0. Mteja anayefuata. Jumla 0. Mteja anayefuata. Skrini inakimbia, yeye anapiga Escape kama mtu anayeua kunguni, darasa limelala kwa kicheko. Lekchara akamwuliza kwa upole, "Huyu mama wa bei_ya_mama, ni wa nani?"

Mwana wa Section 58
Eeh! Halafu?

Mlurambi
Omena ya bure Kibuye na hakuna aliyeniambia.

Baba Kondele
Mimi sioni kosa kubwa hapo. Sote tulinakili. Kosa lake ni kunakili bila kusoma.

Kijana wa Kaptembwa
Baba Kondele, si wewe uliyekuwa na hiyo flashi?

Baba Kondele
Chunga mdomo, kijana.

Binti wa Kibuye
😂 Siye, huyu ni wa Kondele, yule alitoka mlimani. Mimi niliulizwa swali moja tu: kwa nini float? Nikaeleza mpaka vile mama hujaza mkebe. Yeye akarudia somo, na flashi akaninunulia nyingine.

Mwana wa Section 58
Sasa mpwa wangu nimwambie nini?

Mlurambi
Asome kosa la kwanza pekee, alirekebishe, akompaili tena. Makosa 30 mara nyingi yamezaliwa na moja.

Kijana wa Kaptembwa
Aandike kwenye karatasi kwanza, ndiyo kichwa kishike.

Binti wa Kibuye
Karatasi ya nini? Achape tu, aharibu, arekebishe. Na flashi asimpe mtu.

Baba Kondele
Python.

Mgeni wa Maseno
Samahani wakubwa, nimekuwa nikisoma kimyakimya. Programu yangu inasema kila mwanafunzi amepita, hata mwenye 0. Nimeandika if (alama = 50).

Mlurambi
Hapo hujauliza, umewagawia wote 50. Weka alama mbili za sawasawa: ==.

Mgeni wa Maseno
Nimeweka. Sasa wamefeli wote isipokuwa mmoja.

Binti wa Kibuye
Weka >=, mdogo wangu. Kuna waliopata 51.