Hivi mlima una mwenyewe? Nimechoka na kejeli za kundi letu

Wakuu, habari zenu. Mtanisamehe, naandika nikiwa na hasira na uzi huu sijaupiga pasi.

Jumamosi tulipanda mlima, watu kumi na wanne. Wa mwisho nilikuwa mimi, na hilo sina ugomvi nalo. Nina kilo 98, mazoezi nimeanza mwaka huu, mwendo wangu naujua. Ugomvi wangu ni kwamba nilipofika kileleni picha ya pamoja ilishapigwa na watu wanafunga mabegi. Kiongozi akatazama saa yake, ile inayolia kila kilomita, akaniambia: "Umetuchelewesha dakika arobaini. Mlima si wa kila mtu, dada." Wakaanza kushuka. Hata kukaa sikukaa.

Na hapo kwenye kukaa ndipo penye dhuluma yenyewe, maana wanaotangulia huwa hawaioni. Wanapiga mbio, wanafika kivulini, wanatua mabegi, maji, stori, vicheko. Mimi nikitokea kwenye kona huku natweta, mtu anapiga makofi: "Haya, tumetimia, twende!" Wao wamepumzika robo saa, mimi sifuri. Kituo kinachofuata mchezo ni uleule. Aliyechoka kuliko wote ndiye anayetembea siku nzima bila kupumzika, halafu mnashangaa anazidi kubaki nyuma! Dawa yake wala haihitaji saa ya bei mbaya: mwenye mwendo mdogo awekwe mbele, au akifika naye apewe dakika zake.

Usiku ndiyo ikawa balaa. Kwenye kundi la meseji ikarushwa picha yangu nimekaa juu ya jiwe, kiatu kimoja mkononi, nakagua lengelenge la kisiginoni lililokuwa limeshapasuka na soksi imegandia. Chini wameandika neno moja tu: "Mzigo". Mmoja akaongeza kwamba na raba zile nilikuwa nafuata nini. Jamani, raba ndizo nilizonazo, na ndizo zilizonifikisha.

Sasa nami nipige hesabu kidogo, kwa kuwa mnapenda namba. Kiongozi wetu kwa kumkadiria hazidi kilo 62. Tumepanda wote mita 900. Kunyanyua mwili wangu hadi pale juu kunadai kazi zaidi ya mara moja na nusu ya kunyanyua wa kwake, kimo kikiwa kilekile. Saa yake inajua muda wake na mapigo ya moyo wake. Kilo zangu haizijui.

Kuna jambo huwa nalikumbuka. Tenzing Norgay na Edmund Hillary walifika kilele cha Everest tarehe 29 Mei 1953. Dunia nzima ikataka kujua nani alitangulia kukanyaga. Wenyewe wakashikilia kuwa wamefika pamoja, na ni mwaka 1955 ndipo Tenzing alipoeleza kwamba Hillary alikuwa hatua chache mbele yake kwenye kamba. Watu waliofika kwanza pale juu kabisa hawakuona haja ya kugombea hatua, sisi wa mlima wa kwenda na kurudi siku moja tunapigia kelele dakika arobaini.

Najua mtakuja kusema habari za usalama. Sawa kabisa. Mvua za radi za mchana si mzaha, na kushuka gizani ndiko kunakovunja vifundo vya miguu. Basi semeni mapema, tukiwa bado chini: "Saa saba popote tulipo tunageuka." Ningegeuka bila kinyongo. Lakini hakuna aliyeweka saa ya kugeuka. Jua lilikuwa linawaka, na haraka yenyewe, nikaja kujua baadaye, ilikuwa ya kuwahi kuvunja rekodi yao ya mwezi uliopita.

Kundi nimejitoa jana usiku bila kuaga. Wiki ijayo narudi palepale na rafiki yangu ambaye magoti yake ni mabovu kuliko yangu, na saa ya kugeuka tumeshakubaliana. Kama mmo humu na mmejitambua, mkitukuta njiani tupiteni kimya kimya.