Naomba ushauri: mteja anaona kazi imesimama wakati zege linakomaa

Habari zenu wakuu, naombeni ushauri. Nasimamia ujenzi wa nyumba ya ghorofa moja, mwenye nyumba yuko mbali kwahiyo kila wiki namtumia picha na vivideo WhatsApp. Sasa tumeshamwaga zege la slabu (sakafu ya ghorofa), kazi iliyopo ni kumwagilia maji tu na mirunda (miti ya kuishikilia) bado iko chini yake, si mnajua zege huwa linahesabiwa siku 28 mpaka likomae, yeye akifungua picha anaona ni ileile ya wiki jana anauliza mbona mafundi wamelala. Nimemweleza kwa voisi, nikamtumia na ratiba, wapi! Hivi nyie wiki kama hizi mnaripoti nini? Na asilimia za kazi mnapiga kwa hela iliyotumika au kwa hatua iliyokamilika? Maana hapo ndo tunavutana zaidi.