Gumzo la ukoo: chupa tatu za mama

Zuhura: Shikamooni wakubwa zangu. Mama kaletewa chupa tatu na anataka kuanza kumeza kila siku: multivitamini, kalsiamu yenye vitamini D, na ile ya "nywele, ngozi na kucha". Picha hizo hapo juu. Shangazi Rehema, Mjomba Daudi, naomba mtuangalizie.

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu. Upande wa mbele wa chupa ni tangazo tu, hauniambii kitu. Zigeuze, unipigie picha ya lile jedwali la nyuma, chupa zote tatu. Halafu niandikie kila dawa anayotumia wifi.

Zuhura: 📷 📷 📷
Metformini ya sukari, levothairoksini ya tezi ya shingo. Basi. Miaka 62.

Mjomba Daudi: Wakati shangazi yako anasoma, mimi nauliza la mwanzo. Dada kapungukiwa na nini? Yupo daktari aliyempima akakuta upungufu, au ni kuchoka tu?

Zuhura: Kuchoka, na miguu inamfa ganzi usiku. Hajapimwa chochote zaidi ya sukari.

Mjomba Daudi: Hiyo ganzi tutairudia, msiiache ipotee.

Kwa wote humu: mtu anayekula mlo mchanganyiko na hana ugonjwa, mara nyingi multivitamini haimwongezei kitu. Mwaka 2022 jopo la Marekani la wataalamu wa kuzuia magonjwa, USPSTF, lilipitia tafiti likasema ushahidi hautoshi kudai kwamba multivitamini zinakinga magonjwa ya moyo au saratani. Beta-karotini (ile ya mimea ambayo mwili huigeuza vitamini A) na vitamini E walizikataa waziwazi kwa lengo hilo. Beta-karotini ya vidonge imeonekana kuongeza saratani ya mapafu kwa wavutaji sigara, kwa hiyo mvutaji asiiguse kabisa.

Wenye pengo la kweli wanajulikana: mjamzito na anayejiandaa kubeba mimba, anayetoka hedhi nzito, asiyekula chochote kitokanacho na mnyama (huyo B12 ni lazima), mzee, asiyepigwa na jua, aliyepunguzwa tumbo kwa upasuaji, na anayetumia dawa zinazozuia ufyonzaji. Dada yumo kwenye kundi la mwisho.

Shangazi Rehema: Nimesoma. Zuhura, chukua kalamu, maana kosa kubwa halimo ndani ya chupa moja. Limo kwenye jumla ya zote tatu, na hakuna lebo inayokujumlishia.

Zinki: multivitamini 15 mg, ya nywele 30 mg. Jumla 45. Mwanamke anahitaji 8 kwa siku, na kikomo cha mtu mzima ni 40. Zinki nyingi kwa miezi inazuia mwili kufyonza shaba, na shaba ikikosekana mtu anapata upungufu wa damu na kuharibika mishipa ya fahamu. Ganzi juu ya ganzi.

Vitamini A: 1,050 na 1,500, jumla 2,550 maikrogramu, na zote ni retinoli, yaani vitamini A iliyo tayari. Mahitaji yake ni 700, kikomo 3,000. Hajavuka, lakini bado hatujahesabu chakula, na siku akila maini anavuka mara moja. A hukaa kwenye ini, haitoki na mkojo kama vitamini C. Retinoli nyingi ya muda mrefu inadhuru ini, na imehusishwa na kuvunjika mifupa. Yaani chupa moja anameza kulinda mifupa, nyingine inaisukuma upande wa pili.

Vitamini D: hapa wamechanganya vipimo. Chupa mbili zimeandika maikrogramu, moja imeandika IU, yaani yuniti za kimataifa. Maikrogramu 1 ni IU 40. Ukibadilisha zote unapata 25 + 20 + 25 = 70, sawa na IU 2,800. Anahitaji 15 (IU 600), kikomo 100 (IU 4,000). Si hatari, ila haina sababu.

Hamisi: Shangazi shikamoo. Kwani ikizidi D inafanya nini? Mimi nilijua inatoka tu.

Shangazi Rehema: Marahaba Hamisi. Zinazotoka na mkojo ni C na zile za kundi B. A, D, E na K zinayeyuka kwenye mafuta na mwili unaziweka akiba. D ikizidi mno, kalsiamu inapanda kwenye damu: kichefuchefu, kiu, kukojoa sana, kufunga choo, na mwishowe figo zinaumia.

Na hata hizo "zinazotoka" zisikudanganye. B6 ni ya maji, lakini ukimeza dozi kubwa kwa miezi inaharibu mishipa ya fahamu, miguu inakufa ganzi. Marekani kikomo ni 100 mg kwa siku. Ulaya mwaka 2023 walikishusha hadi 12. Angalieni lebo za vinywaji vya nguvu pia, B6 imejaa humo.

Hamisi: Na C ya 1,000?

Mjomba Daudi: Mwanamume anahitaji 90 mg, mwanamke 75, mvutaji sigara aongeze 35. Ukivuka gramu moja kwa mkupuo, mwili haufyonzi hata nusu. Zaidi ya 2,000 kwa siku ni kuharisha, na aliyewahi kupata mawe ya figo anajitafutia mengine.

Mama Zuhura: Wifi, ahsante. Ila ile ya nywele nimeshaianza. Leo siku ya sita. Na keshokutwa asubuhi natakiwa kutoa damu ya tezi.

Shangazi Rehema: Wifi, basi simama hapo hapo, usimeze tena hata kimoja. Umefanya vizuri sana kusema.

Chupa hiyo ina biotini maikrogramu 5,000. Mahitaji ya mtu mzima ni 30. Biotini haimdhuru mtu, ila inavuruga vipimo vya maabara, kwa sababu mitambo mingi inatumia biotini yenyewe kunasa kile inachokipima. Kwenye tezi, majibu yanaweza kutoka kana kwamba tezi inafanya kazi kupita kiasi wakati si kweli. Daktari akiyaamini atakupunguzia levothairoksini uliyokuwa unaihitaji. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo mwaka 2017, na ilitaja pia troponini, kile kipimo cha mshtuko wa moyo, ambacho kinaweza kusoma chini kuliko hali halisi.

Kabla ya kipimo acha biotini siku 2 kamili au zaidi. Kwa kuwa umemeza leo, piga simu kliniki uombe kusogeza hadi wiki ijayo.

Zuhura: Nawapigia sasa hivi.

Mjomba Daudi: Na ukiwapigia, ulizia kipimo cha B12 kitolewe siku hiyo hiyo. Sasa narudi kwenye ganzi. Metformini ikitumika miaka mingi inapunguza ufyonzaji wa B12. Dalili yake ni uchovu, ganzi na kuchomachoma miguuni, na watu wanaibebesha sukari kwa sababu sukari nayo inaleta ganzi. Bila kupima huwezi kuzitenganisha. Ganzi ya B12 ikiachwa muda mrefu inaweza isirudi nyuma.

Dada, usikimbilie asidi ya foliki ya dozi kubwa kwanza. Inaweza kurekebisha picha ya damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika kwa kukosa B12, na hapo hakuna atakayeshtuka mapema.

Mama Zuhura: Si imo kwenye multivitamini hiyo B12?

Mjomba Daudi: Imo, maikrogramu 6. Mtu wa kawaida anahitaji 2.4, lakini mwenye tatizo la kufyonza si wa kawaida. Kwa vidonge wanapewa hata 1,000, kwa kuwa dozi kubwa inapenya yenyewe kidogo kidogo, kama asilimia 1 tu. Wengine wanachomwa sindano. Tusubiri majibu, daktari ataamua.

Shangazi Rehema: Kalsiamu sasa. Jedwali linasema 1,000 mg, lakini someni mstari wa juu kabisa: "kipimo cha mara moja: vidonge 2". Kwa hiyo kimoja ni 500. Mstari huo ndio unaowaponza wengi, wengine wanameza kimoja wakidhani wamepata 1,000, wengine viwili wakidhani wamepata 2,000.

Mwanamke aliyevuka 50 anahitaji 1,200 kwa siku, lakini chakula kikihesabiwa humo.

Mjomba Daudi: Kikombe cha maziwa ni takriban 300. Dada anakunywa viwili, hiyo ni 600. Jumlisha mlo mwingine, kinachobaki kinazibwa na kidonge kimoja.

Shangazi Rehema: Kimoja, naafiki. Na visimezwe viwili pamoja kwa vyovyote, maana utumbo hufyonza vizuri mkupuo usiozidi 500 mg. Hii yake ni kalsiamu kaboneti, inataka asidi ya tumbo, kwa hiyo imezwe katikati ya mlo. Anayetumia omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, atafute kalsiamu sitreti, haitegemei asidi, ila vidonge vitakuwa vingi: kaboneti ina asilimia 40 ya kalsiamu, sitreti 21.

Wifi, la muhimu kuliko yote ni muda. Kalsiamu, chuma na multivitamini yenye madini vinaing'ang'ania levothairoksini tumboni, haifyonzwi. Levothairoksini alfajiri kwa maji matupu, saa moja kabla ya kula. Kalsiamu saa 4 baadaye au zaidi. Kwako naona chakula cha usiku ndio wakati mzuri.

Mng'ang'anio huo huo upo kwa siprofloksasini na antibayotiki za jamii ya tetrasaikilini, hata dolutegraviri ya VVU. Ukiandikiwa mojawapo, mwambie mfamasia unameza madini gani, atakupangia saa.

Hamisi: Mimi na mke wangu tunajiandaa kupata mtoto. Anaweza kumeza hiyo multivitamini ya mama?

Shangazi Rehema: Hiyo hapana, Hamisi. Retinoli nyingi miezi ya mwanzo inaweza kumlemaza mtoto tumboni. Mtafutieni ya wajawazito, ambayo vitamini A yake ni kidogo au imeandikwa beta-karotini.

Anachohitaji sasa, kabla ya mimba, ni asidi ya foliki maikrogramu 400 kila siku. Aanze angalau mwezi mmoja kabla na aendelee hadi wiki ya 12. Sehemu inayokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutunga, wengi hawajajua hata kama wana mimba. Anayesubiri kipimo kionyeshe mistari miwili amechelewa kujikinga na mgongo wazi.

Kama aliwahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi, au anatumia dawa za kifafa, 400 hazitoshi. Aende kwa daktari kwanza, wanatumia miligramu 4 au 5. Asijaribu kuifikia kwa kumeza multivitamini kumi, atajizidishia A.

Hamisi: Na chuma?

Mjomba Daudi: Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito apate 30 hadi 60 mg za chuma halisi kila siku pamoja na hizo 400 za foliki. Shika neno "halisi". Kidonge cha ferasi salfeti kilichoandikwa 200 mg kina chuma halisi 65 tu, kinachobaki ni uzito wa vitu vingine vya hiyo chumvi.

Asimeze na chai, kahawa, maziwa wala kalsiamu, aache saa moja au mbili. Choo kitakuwa cheusi, ni kawaida. Kikiwa cheusi cha kunata kama lami na harufu kali, hiyo ni damu, aende hospitali. Tumbo likisumbua, asiache, amwombe daktari ambadilishie aina au ampangie siku moja ndiyo moja hapana. Kwa asiye mjamzito, kuruka siku kunafyonza vizuri hata kuliko kila siku, kwani baada ya dozi ini hutoa hepsidini, homoni inayofunga mlango wa chuma kwa karibu siku nzima.

Mwanamume, na mwanamke aliyekoma hedhi, achague multivitamini isiyo na chuma mpaka apimwe. Mwili hauna njia ya kukitoa kikizidi.

Shangazi Rehema: Na vidonge vya chuma viwekwe juu, mbali na watoto, kwenye chupa yenye kifuniko kigumu. Vinafanana na peremende na vimeua watoto wadogo. Mtoto akimeza, msisubiri atapike, mkimbizeni hospitali na chupa mkononi.

Babu: Nimesoma yote. Mimi ni wa warfarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda. Nimepewa mafuta ya samaki.

Shangazi Rehema: Shikamoo baba. Usianze kabla ya kuwaambia kliniki ya damu. Mafuta ya samaki kwa dozi kubwa na vitamini E vinaweza kuongeza kutoka damu, na multivitamini yenye K inashusha nguvu ya warfarini. K si adui, ila iwe kiasi kile kile kila siku. Kinachoharibu ni kuanza ghafla au kuacha ghafla, INR, kile kipimo cha damu kuganda, inayumba. Nitumie picha ya nyuma, tutazame EPA na DHA, yale mafuta ya omega-3 yenyewe, maana "mafuta 1,000 mg" mara nyingi yana hizo mbili kama 300 tu.

Babu: Nitamwambia Zuhura apige picha.

Zuhura: Kliniki wamekubali. Jumatano ijayo, tezi na B12 pamoja. Kwa hiyo: ya nywele imeondoka, kalsiamu kimoja usiku na chakula. Multivitamini je?

Shangazi Rehema: Ifungwe hadi majibu yatoke. Ina chuma 18 asichokihitaji, na D anaipata kwenye kalsiamu. Kama itabidi kununua nyingine, tafuteni alama ya USP au NSF, inaonyesha chupa imepimwa na watu wengine na kilichoandikwa kimo. Haithibitishi kwamba inaponya. Ikiandikwa "mchanganyiko maalumu" bila kiasi cha kila kimoja, rudisheni.

Mama Zuhura: Nimeelewa wifi. Levothairoksini siku ya kipimo nimeze?

Shangazi Rehema: Toa damu kwanza, umeze ukishatoka. Na mwandikie mpimaji kwenye fomu: biotini 5,000, siku sita, na tarehe ya leo kuwa ya mwisho.