Pointi 20 ninazo, pensheni ya ulemavu wamenikatalia (Australia)

MtuWaFizi: Salamu ndugu zangu. Niko Toowoomba, nilikuwa kiwanda cha nyama mpaka mgongo ukagoma. Bega la kulia nalo halinyanyuki. Niliomba pensheni ya ulemavu, juzi barua imekuja: hapana. Kinachonichanganya, barua hiyohiyo inasema mgongo pointi 10, bega pointi 10. Si ndiyo 20 wanazotaka? Nikate rufaa au niombe upya? Kwa sasa naishi kwa JobSeeker, ile posho ya wasio na kazi.

MamaTatu_Logan: Pole sana kaka. Hesabu yako haina kosa, ila pointi wanazipima kwa majedwali, la mgongo lake na la bega lake, na 20 ya jedwali moja si sawa na 20 ya kuokoteza kwenye majedwali mawili. Hiyo ya pili inakutaka pia uwe umeshiriki programu ya kusaidiwa kupata kazi miezi 18 ndani ya miaka 3 kabla ya kuomba. Na ule muda unaoruhusiwa kutohudhuria kwa sababu ya ugonjwa, kwa kawaida hauhesabiwi. Wengi tunanasa hapo.

Babu_Adelaide: Daktari wako aliandika nini hasa? Wangu aliandika "ana maumivu sugu, apumzike", basi. Maumivu peke yake hayana pointi, wanapima kile mwili unachoshindwa. Kwa mgongo, ukishindwa kuinama kuokota kitu chepesi kilicho usawa wa goti, hiyo ni 10. Ukishindwa hata kuinama kukichukua mezani, au kukaa kitini dakika 10, hiyo ni 20.

MtuWaFizi: Dakika 10? Babu, kanisani nasimama nyuma ibada nzima, wageni wananiuliza choo kiko wapi wakidhani mimi ni mhudumu. Daktari hajawahi kuniuliza habari za kukaa.

Babu_Adelaide: Mweleze hayo hayo, bila chumvi. Mpelekee na jedwali lenyewe, aandike kwa kulifuata. Aeleze pia matibabu uliyopata na kwa nini hakuna nafuu kubwa inayotarajiwa miaka 2 ijayo.

MamaTatu_Logan: Rufaa usichelewe. Omba mapitio ndani ya wiki 13 tangu upate barua. Ukishinda, malipo yanarudi nyuma hadi tarehe ya ombi. Wiki hizo zikipita bado unaweza kuomba, ila fedha za nyuma unazikosa. Ofisa mwingine ataliangalia faili upya. Naye akikataa, kuna Administrative Review Tribunal, baraza la rufaa lililochukua nafasi ya lile la zamani, AAT, Oktoba 2024, na hulipi kitu. Angalizo: barua ya daktari izungumzie hali yako ulipoomba, au wiki 13 zilizofuata. Kama bega limezidi baada ya hapo, hilo peleka kwenye ombi jipya. Unaweza kufanya yote mawili kwa pamoja.

Kisauni_Brisbane: Mkalimani ni bure, piga TIS, huduma ya ukalimani kwa simu, 131 450. Usimbebeshe mtoto kazi ya kutafsiri mambo ya mwili wako. Basic Rights Queensland nao wanasaidia rufaa hizi bila malipo, wapigie kabla hujaandika chochote.

MtuWaFizi: Asanteni sana. Daktari ni Alhamisi. Mwenye hilo jedwali anitumie tafadhali.

MamaTatu_Logan: Nimekutumia. La bega ni jingine, nimeliweka pia.