Naomba ushauri: ziada ya umeme wa sola ipashe maji au ichaji gari?

Wapendwa wenye uzoefu, habari zenu. Nyumbani kwetu Arusha tumefunga paneli za kilowati 5, na siku za jua kali betri hujaa kabla ya saa sita mchana, kisha inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani) hupunguza uzalishaji na umeme ambao tungeutumia unapotea. Ningependa ziada hiyo ipashe maji ya kuoga na kuchaji gari la umeme tunalotarajia kununua.

Kwa hesabu yangu, kupasha lita 100 kutoka nyuzi 20 hadi 60 kunahitaji takriban uniti 4.7, na tangi lililokingwa vizuri huhifadhi joto hadi asubuhi, jambo ninaloliona kuwa la busara kuliko kuongeza betri za bei kubwa. Gari ndilo linalonitatiza, kwa sababu chaja nyingi hazishuki chini ya ampea 6, yaani karibu kilowati 1.4, hivyo wingu likipita chaja huanza kunyonya betri ya nyumba.

Je, kipo kifaa kinachopima ziada na kuipa hita kwanza, kisha gari, bila kubadilisha inveta? Na kwa mawingu yetu ya Juni na Julai, hita ya wati 1,500 haitafaa zaidi kuliko ya 3,000?