Mrejesho: yale matope ya Ziwa Nakuru
Wadau asanteni sana. Wiki jana niliuliza mbona maji niliyochuja kutoka kwenye matope ya Ziwa Nakuru yanasoma chuma juu sana na ziwa ni la magadi, pH (kipimo cha asidi na magadi) karibu 10, na kwenye maji ya hivyo chuma huyeyuka kidogo sana. Mliosema ni udongo laini wenye chuma unapenya karatasi ya kuchujia mlikuwa sawa kabisa, nimerudia, gramu 10 za matope makavu kwa mililita 50 za maji safi, nikatikisa, nikazungusha kwa sentrifyuji (mashine inayozungusha kwa kasi hadi udongo ukae chini) ndio nikapitisha filta yenye matundu madogo ya maikromita 0.45, yakatoka safi unaona hadi chini ya chupa, mara ya kwanza yalikuwa na ukungu kama maji ya kuosha mchele na nikapuuza. Chuma imeshuka, sodiamu iko palepale juu maana hiyo imeyeyuka kweli majini. Sasa narudia sampuli zote.