Spiriti na maji: lita moja imepungukia wapi?

Kinyozi wa Mafinga
Ndugu zangu, naomba ufafanuzi. Nilinunua spiriti ya asilimia 96 ya kusafishia mashine za kunyolea, na mteja wangu mmoja ambaye ni muuguzi akanishauri niizimue kwa maji hadi ifike asilimia 70, akisema kwamba ikiwa kali mno haiui vijidudu vizuri, jambo ambalo bado halijaniingia akilini. Nilipima mililita 700 za spiriti na 300 za maji, nikachanganya, lakini haikufika mstari wa lita moja, na chupa ikawa vuguvugu mkononi. Je, niliuziwa spiriti iliyochakachuliwa?

Mwalimu wa Kemia, Mbeya
Hukuibiwa, ndugu. Molekuli za ethanoli, yaani kileo kilichomo kwenye spiriti, na za maji huvutana kwa nguvu, zikakaa kwa kubanana kuliko kila kimiminika kinavyokaa peke yake. Uzito haupungui hata gramu. Kinachopungua ni nafasi, na ule uvuguvugu ni nishati iliyotoka zilipokuwa zikishikana. Kwa vipimo vyako ningetarajia mililita 975 hivi. Njia sahihi ni kupima mililita 730 za spiriti, kutia maji, kuacha ipoe, ndipo ujazie hadi mstari wa lita.

Muuguzi naye amesema kweli. Ethanoli huua bakteria kwa kuharibu utando wa seli na kuvuruga protini, na protini huvurugika vizuri zaidi maji yakiwapo. Spiriti kali hugandisha protini za juu upesi, mithili ya ute wa yai kikaangoni, tena hukauka kabla haijamaliza kazi.

Mgema wa Kilolo
Shikamoo, Mwalimu. Huku kwetu masika ulanzi, pombe ya mwanzi, ni mwingi. Je, asiye na spiriti hawezi kutumia ulanzi mkangafu, yaani ule mkali uliochacha?

Mwalimu wa Kemia, Mbeya
Marahaba. Hawezi, maana ethanoli yake ni kidogo mno. Hamira hugeuza sukari ya utomvu wa mwanzi kuwa ethanoli na kaboni dayoksaidi, ambayo ndiyo povu unaloliona kwenye mbeta, kile chombo cha mwanzi cha kukingia ulanzi, lakini ethanoli ikikaribia asilimia 15 hamira za kawaida hulemewa na sumu waliyoitengeneza wenyewe. Ulanzi ukikaa wazi, bakteria wanaotumia hewa huigeuza ethanoli kuwa asidi asetiki, yaani siki. Gongo nayo usiifikirie, kwa kuwa hakuna anayejua ukali wake wala kilichomo. Hata kiwandani, kukeneka kwa kawaida, yaani kuchemsha na kupoza mvuke uwe kimiminika tena, huishia karibu na asilimia 96, kwa sababu hapo mvuke na kimiminika huwa na mchanganyiko uleule. Ndiyo maana chupa ya kinyozi haikuandikwa 100.

Fundi sanifu mstaafu wa maabara, Iringa
Niongeze mawili. Osha nywele na damu kwa sabuni kwanza, kwani spiriti haipenyi uchafu, wala haiui spora, yaani bakteria waliojifunga kwenye ganda gumu. La pili ni moto: hata ya asilimia 70, mvuke wake waweza kuwaka kwenye nyuzi joto 17 hivi, na mwali wake ni wa samawati hafifu usioonekana vizuri mchana. Niliwahi kumwona mwanafunzi akiongeza spiriti kwenye taa aliyodhani imezimika. Nyusi zake ziliondoka zote.

Kinyozi wa Mafinga
Nashukuru sana. Na ile niliyokwisha kuichanganya, niimwage?

Mwalimu wa Kemia, Mbeya
Usiimwage. Hiyo ni asilimia 69, inafaa kabisa. Funga kifuniko tu.